Mtoto anaogopa watu waliovaa mavazi ya katuni: tumwandaeje kabla ya safari?

Mama Sabra, Tabata

Ndugu zangu, salaam. Naomba ushauri wenu, hasa wa wale waliokwisha kulea watoto wadogo. Binti yangu ametimiza miaka mitatu, na ni mchangamfu kiasi kwamba humsalimia kila mtu, kuanzia muuza maandazi hadi kondakta wa daladala. Lakini akimwona mtu aliyevaa vazi la katuni, lile lenye kichwa kikubwa na macho yasiyopepesa, hubadilika kabisa. Hivi karibuni tulialikwa kwenye sherehe ya kuzaliwa ya mtoto wa jirani, katika ukumbi mmoja huko Kinyerezi. MC alipowaita katuni waingie kabla ya keki kukatwa, mwanangu alijificha kwenye gauni langu huku akitetemeka, wala hakukubali kuonja hata soda hadi tulipoondoka. Shangazi mmoja, kwa nia njema, alimvuta mkono ili apigwe picha, na kilio kilichofuata kilimfanya DJ azime muziki.

Sherehe zinaweza kukwepwa, kwa hiyo jambo hili lisingenisumbua sana. Tatizo ni kwamba wifi yangu anayeishi Ufaransa ametualika mwezi Desemba na ameahidi kutupeleka Disneyland Paris. Mume wangu anasema mtoto atazoea akishafika, na mama mkwe anasema tumwache kwake. Ninauliza: mtoto wa umri huu anaandaliwaje? Na je, nimwambie wazi kwamba ndani ya vazi mna mtu?

Mwalimu wa Awali, Ubungo

Dada, kwanza ondoa wasiwasi kwamba mwanao ana kasoro, kwa sababu hofu hii ni ya kawaida sana kwa watoto wa darasa langu. Mtoto mdogo humsoma mtu usoni: huangalia macho, mdomo na nyusi ili ajue kama aliye mbele yake ni mwema au amekasirika. Uso wa vazi hautoi jibu lolote, maana unatabasamu vilevile hata kama mtu amekukanyaga, na umebebwa na mwili mkubwa kuliko wa baba yake ambao hautoi sauti. Ningeshangaa zaidi kama asingeusitasitia.

Swali lako la pili ni zito kuliko linavyoonekana. Mwaka 1969 mtafiti Rheta DeVries alichapisha matokeo ya jaribio alilolifanya kwa watoto wa miaka mitatu hadi sita kwa kumtumia paka aitwaye Maynard. Watoto walimwona paka, kisha akavishwa kinyago cha mbwa, na ingawa sehemu yake ya nyuma haikufichwa wakati wote huo, wengi wa wale wadogo zaidi waliamini kwamba sasa amekuwa mbwa. Kwa hiyo sentensi ya "ni mtu tu huyo" haimtulizi mtoto wa miaka mitatu kama tunavyodhani sisi watu wazima, na wengine huogopa zaidi wakisikia kwamba kuna mtu aliyefichwa ndani. Mwambie ukweli akiuliza, lakini usiutegemee ukweli huo pekee ufanye kazi yote.

Kinachosaidia ni mazoezi nyumbani. Baba yake aweke kinyago cha karatasi mezani, amwache mtoto akipake rangi na kukitoboa macho mwenyewe. Baadaye baba akiweke kifuani, kisha kidevuni, kisha usoni kwa muda mfupi huku akiendelea kuzungumza kwa sauti yake ya kila siku, na mtoto ndiye awe na ruhusa ya kukivua wakati wowote anaotaka. Msirukie hatua inayofuata kabla hajaanza kucheka katika hatua mliyopo.

Kaka Mkubwa, Temeke

Kwa heshima zote, nadhani tunawadekeza watoto. Sisi tulitupwa ziwani tukajifunza kuogelea. Mkabidhi kwa hiyo katuni, alie, amalize, na kesho yake atakuwa amesahau.

Mwalimu wa Awali, Ubungo

Kaka, wapo pia waliotupwa ziwani ambao hadi leo hawaingii majini, ila hao hawasimulii. Huko Marekani, mwaka 1924, Mary Cover Jones alieleza jinsi alivyomtibu mtoto aitwaye Peter, ambaye alikuwa hajafikisha miaka mitatu na alikuwa akimwogopa sungura. Sungura aliwekwa ndani ya kizimba, mbali, wakati Peter akila chakula alichokipenda, kisha akasogezwa karibu kidogo kidogo kadiri mtoto alivyovumilia, hadi Peter akafikia kumshika mwenyewe. Hakushikwa kwa nguvu hata mara moja. Kumshikilia mtoto anayelia ili picha ipatikane humfundisha jambo moja tu, kwamba akiogopa, hata mama yake hatamwondoa hapo.

Mchongaji wa Mwenge

Mwanangu Mama Sabra, mimi ni Mmakonde na vinyago ndivyo vilivyonisomeshea watoto. Huku kwetu kusini, anayecheza mapiko huvaa kinyago kinachofunika kichwa kizima na nguo zinazoficha mwili, na zamani wanawake na watoto ambao hawajaingia jandoni waliambiwa kwamba yule si mtu, ni mzimu. Kilichongwa kwa makusudi ili kitishe, na siri yake wavulana walifunuliwa jandoni. Kwa hiyo mjukuu wangu huyo hana ajabu yoyote, anaitikia kinyago kama kinyago kinavyotaka kuitikiwa. Mlete siku moja hapa Mwenge asubuhi, kabla wateja hawajawa wengi, aone gogo likigeuka kuwa pua na midomo. Akishika patasi na kuokota vumbi la mbao, ataona kwamba uso ni kitu kinachotengenezwa kwa mikono.

Kijana wa Vazi, Sinza

Shikamoo mzee, na shikamooni wakubwa wote. Mimi ni mmoja wa hao wanaovaa katika sherehe za watoto hapa mjini, kwa hiyo naomba niseme yanayoonekana kutoka ndani. Kwanza, tunaona kidogo sana. Katika vazi ninalolitumia, ninatazama kupitia wavu mweusi uliowekwa kinywani, na mtoto akisimama karibu na magoti yangu simwoni kabisa. Mara nyingi katuni "anayemfuata" mtoto anayekimbia wala hajui kwamba mtoto yupo. Anautafuta mlango, maana kwa joto la Dar hakuna anayeweza kukaa humo kwa muda mrefu bila kutoka kupumua na kunywa maji. Hivyo mzazi asisubiri sisi tutambue kwamba mtoto ameogopa. Aseme na anayetuongoza, au asimame mbele yetu na kutuonyesha kiganja.

Pili, wanaoogopa huanza na glovu. Nikipiga goti moja, nikageuka upande ili ule uso mkubwa usiwaelekee, kisha nikauacha mkono wangu wazi juu ya goti, wengi husogea wenyewe, wakagusa kidole kimoja na kurudi mbio kwa mama. Ukiwaacha warudi hivyo, watakuja tena. Kinachoharibu ni simu kumi zilizoinuliwa na sauti za "mkumbatie, mkumbatie!" kutoka kila kona. Ninakubali kwamba mteja amelipia picha, lakini picha ya mtoto anayelia sijaona aliyeitundika ukutani.

Baba Wawili, Mikocheni

Mama Sabra, sisi tulikwenda na watoto huko huko mnakokwenda, kwa hiyo niongeze ya safari. Bustani ile, ambayo ilifunguliwa mwaka 1992, iko Marne-la-Vallée, mashariki ya Paris, na mnaifikia kwa treni ya RER A. Kinachokuhusu zaidi ni kwamba wahusika wa kule hukutana na watu kwa foleni, kila mmoja akiwa na mhudumu wake wa kawaida asiyevaa kinyago. Mnapokaribia, mwambie mhudumu kwamba mtoto anaogopa, naye atamwashiria mhusika asimsogelee. Vilevile, wenye vichwa vikubwa kama Mickey hawazungumzi wanapokutana na wageni, ilhali mabinti wa kifalme wana nyuso zao za kawaida na huongea. Ningeanza na hao, kwa sababu binti anayewasalimia makondakta atapata mtu wa kumjibu.

Foleni yenyewe msiingie mapema. Simameni pembeni mtoto akiwa amebebwa, mwangalie wenzake wakipita, mkizungumzia viatu na vifungo vya mhusika badala ya kumuuliza kila dakika kama anataka kwenda. Mwanangu mdogo alipewa kazi ya kubeba daftari la sahihi pamoja na kalamu nene, kwani mikono yenye glovu haishiki kalamu nyembamba. Kule mbele alilinyoosha daftari, akalipokea, akaondoka bila kumtazama mhusika machoni, na alijivuna siku nzima. Ila jihadharini na migahawa ambamo wahusika huzunguka mezani, maana pale mtoto amekaa kitini, hana pa kukimbilia, na yule anayemwogopa ndiye anayemjia.

Mwalimu wa Awali, Ubungo

Hilo la kitini nalikazia. Nami niongeze kuhusu uso wa mama. Mwaka 1985 yalichapishwa matokeo ya jaribio ambalo watoto wa miezi 12 waliwekwa juu ya kioo kilichoonekana kama kina shimo chini yake. Wengi walivuka mama zao walipoonyesha furaha, lakini mama walipoonyesha hofu hakuna hata mmoja aliyevuka. Dada, ukianza kumkaza mkono na kushusha sauti kila katuni wanapotajwa, mwanao anakusoma. Msalimie katuni wewe kwanza, kwa umbali, kama unavyomsalimia jirani, kisha endelea na mambo yako.

Mama Sabra, Tabata

Ninawashukuru nyote, na mzee wa Mwenge, shikamoo, tutakuja. Kinyago cha karatasi tumeshakianza. Kimepakwa rangi ya zambarau na baba yake amekwisha kuvuliwa mara nyingi kuliko alivyovishwa. Wifi nimemweleza kwamba siku ya kwanza tutapanda treni ndogo na kuangalia maandamano tukiwa nyuma ya umati, bila foleni ya mhusika yeyote, na kwamba kama mtoto atasema hapana, hapana hiyo itabaki hadi tunarudi. Amekubali, ingawa picha ya wote pamoja na Mickey alikuwa ameisubiri yeye kuliko sisi. Kijana wa Sinza, je, inawezekana tukuombe uje nyumbani na glovu tu, bila kichwa?

Kijana wa Vazi, Sinza

Inawezekana, dada. Nitakuja na glovu na viatu, kichwa nikiache kwenye mfuko karibu na mlango. Akikiuliza mwenyewe, nitakitoa akiangalia na akivae yeye kwanza. Asipokiuliza, nitaondoka nacho. Naomba iwe jioni, jua likishapoa.