Mjadala: Alisema "sawa" kwa kuogopa sapu (mtihani wa marudio). Kisheria hiyo ni ridhaa?

Wakuu, habari za jioni. Naomba tulijadili hili bila matusi, na wanasheria mlioko humu msitukimbie.

Nikiwa mwaka wa pili, niliyekuwa nakaa naye chumba kimoja hosteli alirudi Jumamosi magharibi, akakaa kitandani na viatu miguuni, taa hakuwasha. Kuna somo lilikuwa limemkalia vibaya, hajui ni sapu au anadisko kabisa, yaani kufukuzwa chuo. Mwalimu alimwambia waonane "wayazungumze", na si ofisini. Akaenda. Nilipomuuliza kama alilazimishwa, alinipa jibu ambalo mpaka leo, mimi mwenyewe wakili, sijalipatia kifungu: "Hakunishika kwa nguvu. Nilisema sawa. Ila sikutaka."

Fungueni Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, kifungu cha 130 kwa namba tuliyoizoea, kama kilivyowekwa na SOSPA, ile sheria maalumu ya makosa ya kujamiiana, mwaka 1998. Ubakaji si pale tu mwanamke asiporidhia. Hata akiridhia, ni ubakaji kama ridhaa ilipatikana kwa nguvu, kwa vitisho, au kwa kumtia hofu ya kufa au kuumizwa. Tena kinasema wazi kwamba si lazima awe na majeraha ili ionekane hakuridhia, habari ambayo mtaani bado haijafika. Adhabu: hadi maisha, na isipungue miaka 30.

Upande wa pili kuna kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, ile tunayoiita rushwa ya ngono: mwenye mamlaka anayedai ngono ili akupe ajira, cheo, haki au upendeleo. Kilipotungwa kiliweka faini isiyozidi milioni 5 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili.

Yaani tukio ni lilelile moja. Ukiliita rushwa, mtu anaweza kulipa faini akarudi nyumbani. Ukiliita ubakaji, ni miaka 30 kwa uchache. Katikati peupe. Mimi nasema peupe hapo ndipo kesi za vyuoni zinapofia. Hakimu akiona 30 ni mingi mno kwa binti "aliyesema sawa", atatafuta shaka, na shaka hazijawahi kukosekana. Tunahitaji kosa la katikati, na tunahitaji sheria iseme ridhaa ni nini. Kenya walishaiandika tangu 2006, kifungu cha 42 cha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana: mtu ameridhia pale anapokubali kwa kuchagua mwenyewe, akiwa na uhuru na uwezo wa kuchagua. Hilo neno uhuru ndilo linalomhusu rafiki yangu.

Karibuni.

Wakili wa Kijiweni (anajibu)

Dada, pole kwa ya mwenzio, lakini unajenga nyumba wakati iliyopo hujamaliza vyumba vyake. Kifungu kimesema "vitisho". Hakikusema vitisho vya kisu. Kumwambia mtoto wa mkulima, anayesoma kwa mkopo, kwamba atarudi kijijini mikono mitupu, kama si kitisho ni salamu? Halafu soma 130(3): mwenye mamlaka anayetumia nafasi yake ametajwa kabisa. Shida iko kwa waendesha mashtaka. Wanakimbilia 25 kwa sababu mtego unawekwa, mtu ananaswa chumbani, faili linafungwa. Ubakaji unataka umsikilize binti na umwamini. Ni kazi.

Mleta mada

Mkuu, hiyo 130(3) isome tena polepole. Inasema anayetumia vibaya nafasi yake "na kubaka". Kwa hiyo kwanza uthibitishe amebaka, ndipo uje kwenye nafasi yake. Tumezunguka mbuyu tukarudi tulipoanzia. Na "vitisho" nakubali ni neno pana, ila limekaa jirani na hofu ya kufa na kuumizwa, na sisi sote tumefundishwa kwamba neno husomwa pamoja na majirani zake. Wakili wa utetezi atakumaliza hapo hapo.

Mzee wa Vimbweta

Mnaongelea walimu tu kwa sababu kwa walimu ni rahisi kumjua mbaya ni nani. Njooni geto. Bethidei ya mwana, Konyagi imepita, wawili wote wamelewa, asubuhi mmoja analia na mwenzake anauliza kosa lake nini. Kifungu kinataja ridhaa iliyopatikana mwanamke akiwa amelewa kitu alichopewa na mwanamume huyo au mtu mwingine. Aliyejimiminia mwenyewe je? Aliyezimika hakuna ubishi, hakuridhia. Ila kati ya kuzimika na kuchangamka pana mwendo mrefu.

Na kabla hamjatuletea mambo ya California: ile sheria yao ya 2014, ya kwamba kunyamaza si kukubali na lazima kuwe na ndiyo ya wazi, iliwahusu wanafunzi na nidhamu ya chuo. Haikumpeleka mtu jela. Mwaka huohuo walimu 28 wa sheria wa Harvard waliandika kwenye Boston Globe kupinga utaratibu mpya wa chuo chao wenyewe, wakisema mtuhumiwa hapati nafasi ya haki ya kujitetea. Na 2016 wanachama wa American Law Institute, wale wanaoandika sheria za mfano, waliikataa tafsiri ya namna hiyo kwenye jinai. Wao walisita. Sisi wenye miaka 30 ya lazima tuna haraka gani? Nina mdogo wangu wa kiume yuko mwaka wa kwanza.

Mleta mada

Hapo umenisaidia bila kujua. Ni kwa sababu ya hiyo 30 ndiyo nataka ngazi. Uswidi walipobadili sheria yao Julai 2018 wakaifanya isimame kwenye ridhaa, waliweka pia kosa la ubakaji wa uzembe: hukukusudia, ila hukujali kujua kama mwenzio anataka. Mwisho miaka 4. Mdogo wako akikosea kwa kutouliza, ungependa ashtakiwe kwa lipi?

Mama Dawati

Nimekaa dawati la jinsia, naona mnapigana na vifungu. Binti akija hasemi 130 wala 25. Anauliza mambo mawili: mtihani wangu utasahihishwa na mtu mwingine? Nyumbani watajua? Jibu la kwanza likiwa "tutaona", harudi tena, hata PF3, ile fomu ya polisi ya kwendea hospitali, haendi kuchukua.

Mahakama ya Rufani kwenye Selemani Makumba, 2006, ilishasema ushahidi wa kweli wa ubakaji unatoka kwa aliyebakwa. Sawa. Lakini huyo shahidi wangu anaanza na "nilisema sawa". Na 2024 ulipokuja muswada wenye kipengele cha kumuadhibu hata anayemshawishi mwenye mamlaka kwa ngono, watetezi wa wanawake wakapiga kelele, mimi niliona matokeo mlangoni kwangu. Wasichana waliuliza kama wao ndio watakaofungwa. Kwa hiyo kosa la katikati lisije likageuka mlango wa kumwingiza na yeye kizimbani. Andikeni hilo kwanza, mengine baadaye.

Mleta mada

Nimelipokea, Mama. Nilikuwa sijalifikiria upande huo.

Kuna waliouliza pembeni rafiki yangu aliishia wapi. Somo alipita, alipewa C. Mwaka uliofuata ratiba ilipobandikwa akaliona jina lilelile kwenye somo la lazima. Akaenda ofisi ya usajili siku hiyohiyo, akaahirisha mwaka. Kwenye fomu, palipoandikwa sababu, alijaza "matatizo ya kifamilia".