Eti Fischer alikosa ushindi wa chesi Curaçao 1962 kwa NUSU POINTI. Halafu sisi ndio tunaambiwa twende kijiweni!

Mleta uzi:

Wakuu, mniwie radhi kwa herufi kubwa, damu bado inachemka.

Jina sitaji, mnamjua. Yule yule wa kila sentensi "kwa wale mnaofuatilia chesi kwa undani". Jana usiku kapewa maiki achambue mashindano ya wagombea wa ubingwa wa dunia wa chesi, yale ya kisiwa cha Curaçao, Karibea, 1962, ambayo Mmarekani Fischer alilalamika kwamba Wasovieti walipanga sare. Kajikohoza weee, kanywa maji, kanyamaza mpaka tukadhani mtandao umekata, halafu akatamka: "Fischer alinyimwa ubingwa kwa nusu pointi."

NUSU POINTI.

Petrosian 17½. Keres 17. Geller 17. Fischer 14. Haya, 17½ toa 14 inabaki ngapi? Hapo kati unapitisha lori la mchanga na utingo kakaa juu! Nusu pointi ipo kweli kwenye lile jedwali, ila ni ya Keres. Keres wa watu, mzee wa nafasi ya pili: 1953 kwa kugawana, 1956, 1959, na 1962 tena. Hata nusu pointi yake ya machungu mnampora mnampa kijana aliyemaliza wa nne?

Halafu "ubingwa". Ubingwa upi? Pale mshindi alipata haki ya kumkabili Botvinnik, bingwa wa dunia, basi. Petrosian kamkabili 1963, kamchapa 12½ kwa 9½, ndipo akawa bingwa.

Sasa kuna mstaarabu mmoja akamwekea jedwali, kwa adabu zote, na shikamoo juu. Jibu alilopewa: "Kama chesi imekushinda, drafti ziko kijiweni." Kisha kafunga maoni! Mtu aliyeshindwa kutoa 14 kwenye 17½ ndiye anatupangia kijiwe cha kukaa!

Sina hoja ndefu. Nusu pointi!!!

Farasi wa g1:

Navuta kiti. Povu lote hili sabuni umenunua wapi mkuu? Ila nusu pointi… duh.

Sare ya Kudumu:

Mleta uzi tulia, jamaa kakosea namba tu, msingi wa hoja uko palepale. Petrosian, Keres na Geller, wote Wasovieti, walicheza wao kwa wao michezo 12. Yote 12 sare. Wastani hatua 19. Grandmasta wa kiwango kile hatua ya 19 ndiyo kwanza kamaliza kutoa vipande vyake nje, mchezo haujaanza! Fischer kalipua bomu kwenye jarida la Sports Illustrated Agosti 1962 kwamba zilipangwa, na FIDE, shirikisho la chesi la dunia, ikabadili mfumo: mzunguko uliofuata, 1965, wagombea wakacheza mechi za mtoano. Sasa mnataka kusema hakukuwa na kitu?

Mleta uzi:

Nani kakataa kwamba walipanga? Nakataa NUSU POINTI. Soma kichwa cha uzi, ndugu yangu, kimeandikwa kwa Kiswahili.

Ngome Mstari wa Saba:

Tupige hesabu, maana hapa kuna kelele tu. Kila mmoja wa wale watatu alicheza michezo 8 dhidi ya wenzake wawili, sare 8, pointi 4. Wangeamua kuchinjana, pointi zingekuwa 12 zilezile, kwa sababu mchezo mmoja unazaa pointi moja, iwe imeenda kwa mtu mmoja au imegawanywa. Yaani mpango haukuwaongezea hata robo ya pointi kwa jumla. Dhidi ya wengine Petrosian alivuna 13½ katika michezo 19, Keres 13, Geller 13. Ili Fischer awe juu yao wote kwa 14 zake, Petrosian alitakiwa apate sifuri kwenye ile michezo 8, na Keres na Geller wasizidi nusu kila mmoja. Jumla 1, wakati lazima iwe 12. Haiwezekani hata ukipiga hesabu kwa kichwa chini miguu juu.

Faida waliyopata ilikuwa pumzi. Raundi 28, kuanzia 2 Mei hadi 26 Juni, kwenye joto la Willemstad. Mchezo ukinyooka unakula saa tano. Usipoisha unaahirishwa: hatua inaandikwa kwa siri, inafungwa kwenye bahasha, anabaki nayo mwamuzi, wewe unakesha unachambua nafasi ya vipande ubaoni, ndipo unarudi kuumalizia. Mtu mwenye siku nane za kumaliza kazi mapema na kwenda kuogelea anafika raundi ya 20 akiwa mzima. Korchnoi naye alikuwa Msovieti lakini nje ya mpango, kavuja jasho lote mpaka mwisho, kapata 13½. Kwa hiyo ukilalamikia uchovu niko na wewe. Ukilalamikia pointi, hapana.

Na jamani msiwaite "Warusi watatu". Petrosian Muarmenia, Keres Mwestonia, Geller mtu wa Odessa.

Kete Nyeusi:

Mbona hakuna anayemtaja Benko, mshiriki mwingine wa Curaçao? Raundi ya 1 kafungua kwa 1.g3, hatua ambayo mtu angeiona siku ile angedhani kidole kimeteleza, kamchapa nayo Fischer. Baadaye kamchapa nayo na Tal. Raundi ya 2 Fischer kafungwa na Geller. Sifuri kwa mbili! Na huyu ni mtu aliyetoka kuvunja rekodi za watu kwenye mashindano ya mchujo ya Stockholm mwaka ule ule, 17½ katika 22, kawaacha wa pili pointi 2½. Hapo hakuna njama, ni mtu kachemka.

Na nusu pointi mnayoililia ilitokea raundi ya 27. Keres, mzoefu wa kumfunga Benko, kafungwa na Benko. Mchezo uliahirishwa kwanza, na Benko alisimulia baadaye kwamba Petrosian na Geller walimfuata wakitaka kumsaidia kuchambua nafasi ile dhidi ya Keres, mwenzao! Akawakatalia, akashinda mwenyewe. Raundi ya mwisho Petrosian kachukua sare ya hatua 14 na Filip, kakaa pembeni anasubiri. Keres alihitaji kumfunga Fischer, ikawa sare. 17½ na 17.

Mleta uzi:

ASANTE SANA KETE NYEUSI. Nusu pointi ina mwenyewe, na mwenyewe ni KERES. Mtu afungue maoni aone!

Malkia Mapema:

Mleta uzi una hati ya hiyo nusu pointi, au Keres ni mjomba wako? 😂 Hivi umelala kweli jana?

Farasi wa g1:

Hajalala. Jirani zake wanasema usiku kucha ukutani kunasikika "17½ toa 14, 17½ toa 14".

Tembo wa Weupe:

Mnahangaika na Karibea wakati Afrika hii hii tuna mchujo wa Sousse, Tunisia, 1967, na mchambuzi wenu hajaigusa hata siku moja. Fischer ana 8½ katika michezo 10, anaongoza, anaondoka mashindanoni kwa mzozo wa ratiba! Kwenye njama za Curaçao walau tunabishana. Sousse alijifunga mwenyewe, Larsen akapita na ushindi. Kama mnataka hasira, kasirikieni hiyo.

Mzee wa Fainali:

Ya kale tumeyasikia. Mimi kero yangu ni sare za leo, kwenye haya mashindano yetu ya wikiendi. Watu hawajui hata kuomba sare! Unacheza hatua yako ubaoni, unatamka ofa, ndipo unabonyeza saa. Wetu anaitoa mwenzake akiwa anafikiri, anakataliwa, baada ya hatua mbili anarudia, mwamuzi anaangalia simu.

Kurudia nafasi mara tatu ndiyo balaa kabisa. Kama hatua yako ndiyo itakayoleta nafasi kwa mara ya tatu, USIICHEZE. Iandike kwenye karatasi, simamisha saa, ita mwamuzi, umwambie unadai sare. Ukishaigusa kete, dai limekufa. Na dai likikaguliwa likawa si kweli, mpinzani anaongezewa dakika 2. Baada ya Curaçao FIDE ilijaribu kuzuia sare za kukubaliana kabla ya hatua ya 30. Watu wakawa wanazungusha vipande mpaka nafasi ijirudie mara tatu, wanaenda zao hotelini. Sheria ile haikufika mbali.

Ngome Mstari wa Saba:

Mzee umenigusa. Ongeza na wale wanaotaka kumpeleka mfalme pembeni wakaanza kushika ngome. Mfalme kwanza, hatua mbili, kisha ngome, mkono mmoja. Ukigusa ngome kwanza halafu mfalme, upande huo kwa hatua hiyo umepoteza haki, na ngome uliyoigusa utaihamisha kama kuna pa kwenda. Ukimwambia mtu anakuita mkorofi.

Mleta uzi:

Wakuu, tulikuwa kwenye nusu pointi…

Malkia Mapema:

Mkuu ile sare, kubali. Mimi wanaoniudhi ni wanaopanga ubao kichwa upande. Mraba mweupe mkono wa kulia! Juzi watu wamefika hatua ya 12 ndipo wanagundua a1, mraba wa kona ya kushoto ya weupe, ni mweupe. Kanuni iko wazi, simamisha, hamishia nafasi kwenye ubao uliopangwa sawa, endeleeni. Wao wakabishana nusu saa, na saa inatembea.

Sare ya Kudumu:

Saa ndiyo usiseme. Kila raundi imetangazwa dakika 90 na nyongeza ya sekunde 30 kwa kila hatua, unakaa, hatua ya 10 unaona muda unashuka tu haupandi. Hawajaweka nyongeza. Kabla ya kuanza kila mtu abonyeze mara moja aone kama sekunde zinaingia. Zisipoingia, ita mwamuzi palepale kabla hamjachoma muda, maana mkifika hatua ya 40 kila mtu atakuwa na hesabu yake.

Tembo wa Weupe:

Kwani zile saa mpya zilizoahidiwa zilifika? Tatu kati ya hizi za zamani kitufe cha upande wa weusi mpaka ukigonge na kiganja.

Kete Nyeusi:

Hazijafika. Aliyezishika anasema hana betri.