Ushauri: watoto wa farasi wa utafiti wangu wa PhD wameachishwa ziwa kabla ya siku

Kwato Nne (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa nimekalia ndoo iliyopinduliwa nje ya banda, mvua ya Uingereza inanipiga mgongoni, kwa hiyo mkiona makosa ya uandishi mnisamehe.

Mimi ni daktari wa mifugo, nimesomea Morogoro, sasa niko mwaka wa pili wa PhD huku upande wa Newmarket, kwenye farasi wa mbio. Nachunguza namna ya kumwachisha ziwa mtoto wa farasi. Akiachwa na mama yake bila kuingiliwa, hunyonya mpaka miezi 9 au 10 hivi, na mara nyingi mama mwenyewe ndiye humkataa anapokaribia kuzaa tena. Shambani wanatenganishwa mtoto akiwa na miezi 5 au 6, tena kwa siku moja: asubuhi wako pamoja, mchana mama kapakiwa kwenye gari. Nataka kulinganisha hilo na njia ya kuwaondoa mama mmoja mmoja kwa wiki kadhaa huku wengine wakibaki na watoto. Nahesabu milio, mizunguko kando ya uzio, muda wa kula na wa kulala, na napima kotisoli, homoni ya msongo, kwenye mate.

Nilikuwa na watoto 32, mashamba mawili, viwanja vinne vya watoto wanane wanane. Kila shamba kiwanja kimoja ghafla, kingine polepole. Jumanne iliyopita nafika shamba la pili, nakuta wote 16 wameshaachishwa tangu Jumapili, wiki tatu kabla ya tarehe tuliyokubaliana. Mwenye shamba ameamua kuwauza kwenye mnada wa mwisho wa mwaka, hivyo anataka wazoee mapema kushikwa na kuongozwa. Mkataba hatukuwa nao, tulipeana mikono tu. Mate ya siku ya kwanza, ambayo ndiyo hasa niliyoyahitaji, hayapo. Kilichopona ni kamera zangu, zilikuwa zinarekodi tangu wiki moja kabla.

Ufadhili unakatika Septemba mwakani. Watoto wengine wa kuachishwa nitawapata Agosti mwakani. Msimamizi wangu yuko likizo hadi wiki ijayo. Niandike na 16 waliobaki, nisubiri msimu mwingine, au nibadilishe swali? Na mama yangu kila akipiga simu ananiuliza nikirudi nyumbani nitatibu farasi wa nani.

Nawasilisha.

Mzee wa Kijiweni

Mimi nimekwama pale kwenye kupima mate. Wanangu sita waliachishwa kwa shubiri na hakuna aliyekuja na kamera. Pole lakini binti, napiga kambi hapa wenye elimu zao waje.

Takwimu Kavu

Pole, na usinichukie kwa nitakalosema. Hata kabla ya hiyo Jumanne hukuwa na 32. Ulikuwa na 4.

Watoto wanane ndani ya uzio mmoja hawajitegemei. Mmoja akilia, wenzake wanaitikia. Mmoja akianza kukimbia kando ya uzio, kundi zima linamfuata. Wewe mwenyewe umewaona. Njia yako ya kuachisha uliitumia kwa kiwanja, hukuitumia kwa mtoto mmoja mmoja, kwa hiyo kinachohesabiwa ni kiwanja. Viwili ghafla, viwili polepole. Sasa umebaki na kimoja kimoja, na tofauti yoyote utakayoiona inaweza kuwa ya nyasi, ya upepo, au ya jike mmoja mkorofi. Mtahini atakuuliza hilo dakika ya tano.

Hasara ya Jumapili basi si kubwa kama unavyodhani, ila tatizo ni la zamani kuliko Jumapili.

Ningekuwa wewe ningefanya hivi. Mashamba mengi madogo, kila shamba jozi mbili za watoto, jozi moja kwa njia hii na nyingine kwa njia ile, upange kwa kura. Ukipata mashamba kumi, una kumi za kila upande, na unalinganisha ndani ya shamba lile lile, kwa hiyo ubishi wa nyasi na chakula unapungua. Kumi na kumi za jozi zina nguvu kuliko wanane mara nne, ingawa kwa macho zinaonekana ndogo.

Kwato Nne

Nimesoma mara tatu. Nilijua jina la kosa hilo kutoka vitabuni, sikujua kwamba nimelibeba mimi. Sawa. Ila Agosti mwakani bado ni Agosti mwakani.

Saisi Mstaafu

Dada, mimi si msomi. Nilianza uwanja wa mbio wa Ngong' pale Nairobi kama saisi, yaani mtunza farasi, baadaye nikafanya miaka sita huko uliko, mashamba ya kuzalisha. Kuhusu Agosti nikwambie kitu ambacho msimamizi wako huenda hakifikirii kwa sababu yeye halali bandani.

Farasi wa mbio wa upande huo wa dunia wote huhesabiwa mwaka mmoja ifikapo Januari mosi, hata kama mmoja alizaliwa Januari na mwingine Mei. Kwa hiyo kila mwenye shamba anataka jike azae mapema, mtoto awe amekomaa kuliko wenzake akifika mnadani. Wanawasha taa mabandani wakati wa baridi ili jike adhani siku zimerefuka, ashike mimba mapema. Watoto wa Januari na Februari wapo. Hao mwishoni mwa Juni, Julai, wameshafika miezi mitano. Anza kuongea na mashamba sasa hivi, Oktoba hii, waulize majike gani yatazaa kwanza. Wanajua, mimba ni miezi kumi na moja na tarehe ya kupandishwa imeandikwa daftarini. Ukingoja watoto wazaliwe ndipo uombe, umechelewa.

Lingine. Hizo jozi mbili za shamba moja usiziachishe wiki moja. Mtoto anayelia anasikika mbali sana, na mama zao wakiwa bado karibu watajibu. Wapishanishe.

Na sehemu nyingi siku hizi wanaacha jike mzee asiye mama yao akae na watoto. Sisi tulimwita shangazi. Watoto wanamsogelea wakimchezeshea taya kama wanatafuna hewa, adabu yao hiyo kwa wakubwa. Uliza kila shamba kama lina shangazi. Ukisahau kuandika, hesabu zako zitakuwa za ovyo.

Takwimu Kavu

Saisi kamaliza. Niongeze chakula kwenye daftari hilo. Kuna utafiti wa Uingereza uliotoka 2002, walifuata farasi wachanga 225 kwa miaka minne, na waliopewa chakula cha nafaka baada ya kuachishwa walikuwa na hatari kama mara nne ya kuanza kung'ata mbao huku wakivuta hewa. Farasi wako wa mnada watashindiliwa nafaka wanenepe. Usipoiandika, utailaumu njia ya kuachisha kwa kosa la ndoo.

Mwana Amu

Mwambie mama arudishe moyo. Farasi Afrika Mashariki ni wachache kwa sababu zake, ugonjwa wa farasi unaoenezwa na visubi umewazuia tangu zamani, lakini punda tunao. Hapa Amu, yaani Lamu, saruji kwenye vichochoro hubebwa sana na yeye, na hospitali ya punda ipo tangu 1987. Kihongwe anafuatana na mama yake aliyebeba mizigo, huku ananyonya kila wanaposimama. Hakuna anayehesabu kitu hapo. Jedwali lako la tabia utalibadilisha kidogo tu.

Mzee wa Kijiweni

Na zile video za watoto 16 walioachishwa kwa mpigo? Mbona mnazizika?

Kwato Nne

Mzee, umenipa sura ya pili ya tasnifu bila kujua. Nina siku saba kabla na siku zote baada. Haitathibitisha njia ipi ni bora, lakini nitajua nini cha kuhesabu, milio inapungua baada ya saa ngapi, na je, watu wawili tukitazama kipande kile kile tunahesabu sawa. Nitatumia BORIS, ile programu ya bure ya kunakili tabia, na mwenzangu wa maabara atazame bila kuambiwa ni siku gani.

Nimemwandikia msimamizi, nimemweleza kwamba tulikuwa na 4. Hajajibu. Mashamba matatu nimeyapigia simu leo: moja limekataa, moja linataka barua, moja lina majike wawili wanaotarajiwa kuzaa mwishoni mwa Januari na meneja amesema nije Alhamisi nione daftari. Safari hii naenda na karatasi ya kusaini.

Saisi, swali: huyo shangazi mlikuwa mnamchagua vipi?

Saisi Mstaafu

Aliyezaa mara nyingi, asiye na mateke, na anayekubali kushikwa shambani bila kukimbizwa. Watoto humwiga. Akikukimbia yeye, kesho unakimbizana na wanane.