Bandugu ba Avenue, Katuba

Siku ya Yenga, 4/1/2026

Mama Ketsia 16:12
Bandugu, jambo yenu bote. Siku ya mbili, tarehe 6, Léopards, timu yetu ya Congo, na Algeria, ku Kombe la Afrika huko Morocco, saa kumi na mbili ya mangaribi kwa saa yetu ya Lubumbashi. Tunaangalia pamoja kwangu, kwenye ule ukuta mweupe wa nyuma. Projekta iko. Mafuta ya jenereta haiko. Kila nyumba 5.000 franga. Andikeni majina hapa chini.

Mama Ketsia 16:13
1. Mama Ketsia ✅
2.

Mama Ketsia 16:47
Batu 23 mumesoma. Ninaona.

Zizou 16:52
Mama, mbele ya mafuta utuambie nani anaanza mbele 😅 Kama ni Bakambu peke yake, miye ninabakia kwetu

Mwalimu Ngoy 17:05
Zizou, Bakambu alimfunga Senegal. Heshima kidogo.

Zizou 17:06
Alifunga, sikatai. Dakika kumi hazikupita Mané akarudisha. Tuhesabu vizuri, Mwalimu. Mechi tatu, goli tano. Bongonda moja, Bakambu moja, Mbuku moja, Kakuta mbili. Na tatu kati ya hizo ni za Botswana!! Benin tulimpiga moja tu. Senegal banafunga saba. Pointi zetu 7, pointi zao 7, banatupita kwa magoli. Njo maana beye balipata Sudan na jana banapita, siye tunapata Algeria ya Mahrez

Mama Ketsia 17:10
Asante kwa hesabu ya magoli. Na hesabu ya mafuta?

Da Solange 17:31
Wissa, mushambuliaji wetu, iko wapi kweli?

Mwalimu Ngoy 17:33
Goti, Dada. Aliumia mwezi wa 9, ile mechi ya Senegal ya Kinshasa. Amekwisha kurudi uwanjani huko Newcastle, lakini Morocco hayuko.

Da Solange 17:35
Ile mechi musinikumbushe. Tunaongoza 2-0, tunalala 2-3. Bukari ilikuwa mezani, samaki iko, sombe iko. Hata mutoto hakugusa.

Mwalimu Ngoy 17:52
Niseme nilicho nacho moyoni, maana tunabishana kila mara juu ya jina la anayeanza. Kuanza, yeyote anaweza kuanza. Mimi ninaangalia nani anaingia dakika ya 70, wakati miguu ya wenzake imekwisha. Cameroon mwezi wa 11, kwenye barrage ya Kombe la Dunia: tulingoja mpaka dakika ya 91, na aliyefunga ni Mbemba, beki, kwenye kona. Nigeria: mpaka penalti. Mechi zetu kubwa tunazimaliza kwa moyo na kwa mabeki. Na huyu Mayele mwaka jana alichukua Ligi ya Mabingwa ya Afrika na Pyramids ya Misri, akafunga hata kwenye fainali. Huko Morocco bado hana goli. Je, amesahau kufunga? Hapana. Mayele anataka krosi, anataka mpira umkute pale karibu na kipa. Elia na Bongonda wanapokea pembeni, wanakata ndani, wanapiga wenyewe. Ukimwingiza Mayele bila kubadilisha njia ya mpira, umembadilisha mtu tu, umeacha njaa ile ile. Na ukimtegemea Bakambu mwenye miaka 34 kukimbia dakika 90, halafu 30 za nyongeza, Algeria watamngoja achoke. Kocha Desabre ana wachezaji. Ninachomwomba ni mpango wa pili.

Zizou 17:54
Mwalimu umeandika thèse 🔥

Tonton Jeff 18:20
Mayele, wakati wa Yanga, alifanya batu ba Dar banatetema muji muzima. Mama Ketsia, ukuta wako utavumilia?

Zizou 18:21
😂😂😂 Miye nitasimama mukono juu mechi yote kama yule mupenzi wetu anasimamaka kama sanamu ya Lumumba. Mvua ikinyesha mufunge hema ku mukono yangu

Da Solange 18:22
Zizou wewe utasimama dakika mbili, utaomba kiti 😂

Tonton Jeff 18:22
Na bia!

Mama Ketsia 18:30
Jeff, ninafurahi umeonekana. Kibidoni cha njano cha mafuta kiko wapi?

Mama Ketsia 18:55
Jeff.

Tonton Jeff 19:31
Tena hiyo?

Da Solange 19:33
Tena hiyo. Nusu fainali ya 2024 na Côte d'Ivoire, goli ya Haller tulisikia kwa makelele ya avenue ya pili. Siye tulikuwa na giza na mishumaa.

Tonton Jeff 19:40
Nilisema siku ile na ninasema leo. Majina ku liste yalikuwa 20. Balitoa franga ni batu 9. Nilinunua mafuta ya batu 9. Nilipanga foleni toka asubui, nikarudi na miguu na kibidoni ku kichwa, halafu mechi ikizimika kila mutu ananiangalia miye. Miaka mbili sasa banapita ku mulango yangu banasema "mafuta, mafuta". Bibi yangu anasikia. Batoto banasikia.

Mama Ketsia 19:44
Hakuna mutu alisema uliiba.

Tonton Jeff 19:44
Hamukusema. Mulicheka.

Mwalimu Ngoy 19:50
Ndugu zangu, tulikuwa tunazungumza juu ya Algeria.

Zizou 19:51
Algeria mechi tatu, banashinda zote tatu

Mama Ketsia 19:58
Zizou, jina lako halijafika ku liste.

Baba Mukubwa 20:44
Ninawasoma tangu mchana. Mwaka 1974 tulikuwa vijana kumi na mmoja katika chumba kimoja Kamalondo, na redio moja. Kombe la Dunia, mechi ya Yugoslavia, kule Ujerumani. Kazadi, kipa wa Mazembe yetu, alitolewa tukiwa tumefungwa tatu, nusu saa haijafika. Akaingia Tubilandu. Mpira wa kwanza alioushika, aliuokota wavuni. Zikawa tisa. Mwenye redio aliizima, nasi tukatoka mmoja mmoja bila kuagana. Wachezaji wenyewe walisimulia baadaye kwamba walikuwa wamekwisha kusikia pesa yao haitafika. Kikosi kilivunjika hotelini, uwanjani kilienda kuonyesha tu.
Mwezi wa 11 mwaka jana, na Nigeria, nikaona tena kipa wa pili anaingia. Fayulu, mwisho kabisa, kwa ajili ya penalti. Nilisimama. Mama yenu akaniambia nikae, sikuweza. Alizuia, Mbemba akamaliza, 4-3. Miaka 51 nilikuwa ninangoja kuona mtu wa benchi wa Congo anaingia saa mbaya na mikono yake haitetemeki.
Kwa hiyo Zizou, usimhesabie Bakambu goli zake tu. Uliza aliyekaa nyuma yake wanamheshimu namna gani siku ambayo hachezi.
Jeff, kibidoni ukilete kwangu kesho, mbele ya saa sita. Ketsia, ile liste ya zamani nisiisikie tena.

Mwalimu Ngoy 21:02
Tumesikia, Baba.

Da Solange 21:10
Ndiyo Baba 🙏

Zizou 21:15
Ndiyo Baba

Mama Ketsia 21:40
Ndiyo Baba. Jeff, unisamehe kwa kicheko. Nilicheka, ni kweli.

Siku ya kwanza, 5/1/2026

Tonton Jeff 11:37
[picha]
Kiko ku mulango ya Baba Mukubwa. Ni kitupu, lakini ni kile kile.

Mama Ketsia 11:41
Aksanti sana Jeff. Liste mupya, na ninaandika paka yule ametoa franga mukononi:
1. Mama Ketsia ✅
2. Baba Mukubwa ✅ (nyumba mbili)
3. Mwalimu Ngoy ✅
4. Da Solange ✅
5. Tonton Jeff ✅
Tunaomba ingine tano. Mafuta ya batu sita inafika mapumziko, haifiki penalti.

Mwalimu Ngoy 12:03
Na ikienda nyongeza, tuhesabu saa tatu kamili. Kibidoni kijae.

Jirani wa Kona 13:26
Bandugu samahani, nilikuwa kazini. Tunacheza na nani?

Da Solange 13:27
🤦🏾‍♀️

Mama Ketsia 13:30
Algeria. 5.000. Na mawingu iko inafunga upande wa Ruashi. Hema ya kilio ya mwezi uliopita ilibakia kwa nani?

Mama Ketsia 14:15
Mumesoma 19.

Mama wa Mbele 16:48
Hema iko kwetu lakini imepasuka pa katikati. Mwenye sindano kubwa apite leo.

Tonton Jeff 16:50
Niko nayo. Ninapita saa kumi na moja.

Mama Ketsia 17:20
Zizou, ni wewe tu ninangoja. Watoto wako watatu watakuja, ninawajua, watakaa mbele kabisa.

Zizou 18:05
Mama nimefika ku kazi ya usiku. Ninatuma 2.000 sasa hivi. Ile 3.000 nitaleta kesho tukiona liste ya wachezaji, kama Mayele anaanza

Mwalimu Ngoy 18:09
Zizou, afadhali aingie dakika ya 60 na krosi za Masuaku. Fikiria.

Zizou 18:10
Basi nitaleta dakika ya 60

Mama Ketsia 18:11
Zizou.