Naomba ushauri: hofu ya panya road (vijana wanaopora kwa mapanga) inapunguza wapiga kura mtaani

Habari zenu ndugu. Tuko Temeke, tunahamasisha watu wapige kura. Kituo hufunguliwa saa 1 asubuhi, kwa hiyo mama lishe na wauza samaki hutaka kuwahi foleni alfajiri kabla ya biashara. Saa hizo ndizo vijana wa panga wanazokaa vichochoroni. Wengi huahirisha hadi jioni, kisha hawaendi. Wengine hawatoki kabisa: nyumba ikibaki tupu, inavunjwa. Inauma, maana ndio wanaohitaji zaidi kusikika.

Tumejaribu kuwakusanya kwa mashina, yaani vikundi vya nyumba jirani, waondoke pamoja, huku jirani mmoja akibaki kulinda nyumba. Hilo limesaidia. Kilichoharibu ni ulinzi shirikishi, yaani ulinzi wa wananchi wenyewe: vijana wenye virungu walisimama karibu na kituo, na baadhi wanajulikana ni wa chama fulani. Watu waligeuza.

Naomba wenye uzoefu mnisaidie:

Walinzi wasimame wapi, na wachaguliwe na nani, wasionekane wa chama?

Na ombi la kuhamisha kituo kutoka kichochoroni tulipeleke kwa mtendaji wa kata, au moja kwa moja kwa msimamizi wa uchaguzi wa jimbo, na mapema kiasi gani?