Mjadala: Kijana akimaliza chuo Moshi au Arusha, avuke Zanzibar kutafuta kazi au abaki?

Mleta mada (Majengo, Moshi)

Wakuu, naomba tulichambue hili bila matusi.

Mdogo wangu kamaliza chuo hapa Moshi, shahada ya biashara. Sivii zake kazitawanya mpaka mwenye steshenari karibu na stendi kamzoea, anamtolea kopi kwa bei ya jamaa. Majuzi rafiki yake aliyeko Paje, Unguja, kampigia simu: kuna hoteli inatafuta mtu wa mapokezi, chakula na malazi juu yao, ila aje haraka. Nyumbani sasa ni vikao tu. Baba anasema aende, kijana wa kiume hakai sebuleni. Mama anasema hakuuza ng'ombe wawili ili mtoto akabebe mabegi ya watalii. Anayeulizwa ni mimi, kwa kuwa nilikaa pwani hiyo hiyo ya mashariki tangu Juni 2018 hadi Machi 2020, korona ilipofunga hoteli.

Msimamo wangu ni kwamba aende. Ila wanaomsukuma wana sababu za uongo, na wanaomzuia nao hivyo hivyo.

Nianze na zile picha za mnazi na maji ya buluu. Asubuhi yangu ya kwanza niliamka saa kumi na mbili nikakimbilia ufukweni, bahari sikuikuta. Maji yalikuwa yamekupwa, yamekwenda huko mbali kama ukanda mweupe, na hapa mbele ni mchanga na madimbwi, kina mama wameinama wanafunga mwani kwenye kamba, shina moja baada ya jingine. Baada ya wiki tatu hata yalipojaa sikuyaona. Zamu yangu ilikuwa nyuma ya kaunta, mgongo kwa bahari, uso kwa ubao wa funguo. Kulala ni kota za wafanyakazi nyuma ya jenereta, wanne chumba kimoja. Maji ya kisima yana chumvi; shati jeupe ukilifua linakauka gumu kama kadi ya harusi.

Hela sasa. Nilianza na laki tatu na nusu, na juu yake sevisi chaji, yaani mgao wa malipo ya huduma kutoka kwa wageni. Agosti sevisi chaji ilikaribia mshahara wenyewe. Novemba ilikuwa elfu ishirini na nne. Mtu akirudi Moshi anakusimulia ya Agosti.

Halafu ikaja Aprili. Meneja kabandika karatasi kwenye mlango wa jikoni: kati yetu thelathini na wanane, kumi na mmoja wanabaki, wengine likizo bila malipo mpaka Juni. Hakuna barua wala kikao, ni karatasi na selotepu. Mimi mkataba wa maandishi sikuwa nao, kwa hiyo hata hilo neno likizo nilipewa kwa heshima tu.

Kwa hiyo mtu akinitajia mshahara wa Zanzibar namuuliza unalipwa miezi mingapi kwa mwaka. Tuseme laki nne kwa miezi minane, ni milioni tatu na laki mbili. Ukizigawa kwa miezi kumi na miwili unabaki na pungufu ya laki tatu. Na asiniambie mtu kwamba masika atarudi huku kubeba mizigo mlimani. Masika ya kule ndiyo masika ya huku. Aprili hata geti la Machame linapiga miayo.

Karibuni.

Mzee wa Kibosho

Binti, umeuliza vizuri lakini umeanzia katikati. Baba yangu alisomesha watoto saba kwa kahawa. Tunavuna, tunapeleka chama cha msingi, chama kinapeleka KNCU, ushirika wetu mkuu wa kahawa, ada inatoka. Leo kihamba kile kile, shamba la ukoo, kimejaa magugu na mjukuu anatafuta kazi ya kufungulia watu mlango kisiwani. Bei ya kahawa imeyumba, sikatai. Lakini parachichi je? Maziwa je? Mtu wa Kibosho kwenda kununua ndizi Unguja, hii ni aibu ndogo?

Msomi wa Rau

Mzee wangu, shikamoo. Nauliza kwa heshima: kihamba cha marehemu mlichokigawana watu saba, mjukuu wa leo anapata mistari mingapi ya migomba? Kwetu nimeonyeshwa sehemu yangu. Nikilala chini na kunyoosha miguu, inaingia kwa baba mdogo.

Mpita Njia wa Pasua

Kwani Dar imefungwa?

Chalii wa Sakina

Oya, mimi naendesha watalii Arusha mwaka wa tisa, na kila masika nikikosa safari huwa navuka Unguja kutembea kwa mshikaji. Mleta mada kasema ukweli ila kaacha kipande kinono. Wale kumi na mmoja waliobaki Aprili walikuwa kina nani? Mimi nawajua bila kuwaona. Mlinzi, mhasibu, mtu wa bustani, na fundi. Hasa fundi! Chumvi ya bahari inakula kila kitu kule. Kiyoyozi ambacho Arusha kinakaa miaka kumi, kule kinaoza koili ukiangalia. Pampu, friji, bawaba za milango, soketi, vyote vinatengenezwa masika kwa sababu wageni hawapo. Masika ndiyo msimu wa fundi.

Mshikaji wangu hana digrii. Alisoma umeme na majokofu chuo cha ufundi, kaanza kama deiwaka, kibarua wa kutwa, leo anahudumia hoteli nne za Jambiani na Paje na mwaka mzima anakula. Mwenye digrii ya biashara kawekwa mapokezi, akifukuzwa Aprili nafasi yake inajazwa Juni na mwingine mwenye digrii ya biashara. Wamejaa.

Kingine ni lugha. Kiwengwa huko Waitaliano wamejazana, mtu mwenye Kiitaliano cha kuombea chumvi anaajiriwa kabla ya mwenye GPA ya nne. Na mkitaka kuona watu wa Arusha waliofika bila cheti chochote, nendeni ufukwe wa Nungwi. Wamasai kibao, kutoka Longido, Monduli, wengine Kilindi huko Tanga, wanalinda hoteli usiku na kuuza shanga mchana. Hawakuitisha mjadala. Walipanda basi.

Mjukuu wa Darajani (Kaloleni, Arusha)

Assalaam alaykum. Nimesoma mote humu nasubiri mtu awaulize na wenyewe wa kisiwa, naona hapana.

Mie mzaliwa wa Unguja, niko Arusha mwaka wa kumi na nne na duka la viungo. Sensa ya 2022 imehesabu Zanzibar watu 1,889,773. Mkoa wa Kilimanjaro watu 1,861,934. Tumelingana hasa. Lakini Kilimanjaro ina kilomita za mraba zaidi ya elfu kumi na tatu, na sisi visiwa vyote hatufiki elfu tatu. Mwaka 2024 wakaja watalii zaidi ya laki saba. Sasa chukua kijana wa Nungwi. Babu yake alikuwa anapandisha dau mchangani, leo mchanga ule una vitanda vya jua na mlinzi. Anakwenda kuomba kazi kwenye hoteli iliyojengwa alipokuwa akicheza, anaambiwa Kiingereza chako hakitoshi, tumeshaleta mtu kutoka Arusha, na meneja wetu katoka Nairobi. Skuli aliyosoma haikuwa na mwalimu wa Kiingereza miaka miwili, hilo nalo si kosa lake.

Sisemi msije. Nasema mnakizungumza kisiwa kama shamba lisilo mwenyewe, kisha mkifika mnashangaa mnanuniwa.

Msomi wa Rau

Kaka, nakubali, lakini tuwe sawa pande zote. Wewe una duka Kaloleni na yawezekana una kiwanja Arusha kwa jina lako. Mimi wa Rau nikienda kwenu siwezi. Muungano huu ni wa mlango mmoja?

Mjukuu wa Darajani

Kiwanja ninacho, Kwa Mrombo, na kodi nalipa. Swali lako la haki. Kwetu ardhi ni mali ya Serikali, na sheria ya mwaka 1992 imempa Mzanzibari haki ya kuitumia. Waionao ubaguzi naona wanakotokea. Lakini wewe wa Rau umetuambia hapo juu kwamba ukilala miguu inaingia kwa baba mdogo. Sasa fikiri Unguja nzima ndivyo ilivyo, na nyuma yako wanasubiri watu milioni sitini.

Chalii wa Sakina

😂 Hapo kakumaliza, mangi.

Nimestaafu Utumishi (Njiro)

Naomba kuongeza mambo makavu. Ajira si jambo la Muungano. Ukivuka maji unaingia chini ya Sheria ya Ajira ya Zanzibar, Namba 11 ya 2005, na mkataba uliouzoea wa Bara hauna kazi kule. Kima cha chini cha sekta binafsi Zanzibar kilipandishwa mwaka 2024 hadi shilingi 347,000, kwa hiyo hoteli inayokutajia laki mbili na nusu "kwa sababu unakula bure" imeshajitambulisha. Mfuko wa hifadhi ya jamii kule ni ZSSF, siyo NSSF ya Bara. Uliza mchango unaingia wapi na uone risiti ya mwezi wa kwanza, siyo wa kumi. Na bodi ya mikopo ya wanafunzi deni lake halizami baharini; mwajiri akianza kukata ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kwenye zile laki nne za Mleta mada toeni na hiyo.

Nimeona vijana wengi wakisaini karatasi ya lugha ya Kiingereza juu ya boneti ya gari. Msaini mezani, mmekaa.

Mama wa Watatu (Himo)

Jamani na mimi niseme. Binti yangu yuko Nungwi mwaka wa tatu, upande wa usafi wa vyumba. Anatuma hela, siwezi kulalamika, bati la jiko jipya ni lake. Lakini Krismasi hajala nyumbani tangu aondoke. Nyie mnajua Desemba yetu. Wa Dar wanapanda, wa Mwanza wanapanda, foleni kuanzia Same, mji unajaa magari na mtaani kila nyumba inachinja. Kule Desemba ndiyo hoteli zimefurika, ukiomba ruhusa unaambiwa nenda na usirudi. Mwaka jana tumeiegemeza simu kwenye chupa ya chai mezani ili aone watu wakila. Mtandao ukakata kwenye nyama.

Anapewa likizo Mei, nyumba tupu, mvua, hakuna hata mmoja wa rika lake. Anakaa siku tano anaanza kuulizia basi.

Mzee wa Kibosho

Mama, hilo ndilo nililotaka kusema nikazunguka kwenye kahawa.

Mpita Njia wa Pasua

Mimi bado nauliza Dar.

Mleta mada

Nimesoma yote. Chalii, umenikamata. Nilipoandika jana sikukumbuka kuwahesabu wale kumi na mmoja. Nimekaa leo nikawataja kwa vidole: walinzi wanne, fundi na msaidizi wake, mhasibu, mpishi mmoja, wawili wa bustani, na dada wa kufulia. Wa mapokezi hakuna. Simu zilikuwa zinapokelewa na mhasibu. Ningejua hivi mwaka 2018 ningeomba kukaa kwenye kile chumba cha mhasibu hata kwa kumfungia mafaili, maana na mimi hesabu nilisoma.

Hivyo nimebadili nusu ya msimamo. Mdogo wangu shahada yake ina uhasibu ndani. Nimemwambia ampigie tena huyo rafiki, aulize kama kuna nafasi stoo au kwa mhasibu, hata kama mshahara unapungua kidogo, na atumiwe mkataba aupige picha kabla hajakata tiketi. Ikiwa ni mapokezi tu, aende msimu mmoja kuanzia Juni, awe na nauli ya kurudi mfukoni tangu siku ya kwanza, na akae jikoni kwa Waitaliano mpaka ulimi ulegee. Zaidi ya hapo simshauri.

Mjukuu wa Darajani, kaka yangu, hoja yako sina jibu lake. Kwenye mapokezi yetu tulikuwa watano, wa Bara wanne na Mkenya mmoja. Mtu wa Paje kijijini alikuwepo mmoja tu hoteli nzima, huyo dada wa kufulia.

Mjukuu wa Darajani

Akija na aje, karibu yake. Akishuka bandarini asiwafuate mapapasi, wale madalali wa wageni, aende stesheni ya daladala apande 309, ashuke Paje. Kabla ya kutafuta chumba aende kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, ajitambulishe, aandikishwe. Atahitaji barua yake kwa kila kitu, mpaka kitambulisho cha mkaazi asiye Mzanzibari. Ramadhani asile barabarani. Na kaptula aivae ufukweni, kijijini avae suruali. Akiamkia watu njiani hatalala na njaa, hilo nampa dhamana.

Mama wa Watatu

Na Krismasi, mwanangu? Umemwambia mama yako?

Mleta mada

Nimemwambia jana usiku kwamba atakuwa zamu. Hajanijibu. Kaenda kukamua.