Eti "unanunua juisi ama unasoma gazeti?"

Nimetoka sasa hivi kwa ile supamaketi, mnaijua, sitaji jina nisije nikapelekwa kortini. Mamangu ana sukari, kwa hivyo nikishika chupa lazima nisome nyuma. Maandishi yenyewe madogo kama mayai ya chawa. Kufika pale pa sukari, stika ya bei imebandikwa juu yake! Chupa nzima ina nafasi tele, lakini bei lazima ikalie sukari. Nikaanza kuikwangua kwa ukucha. Kijana wa kupanga rafu akapaza sauti Kisumu nzima isikie: "Madam, unanunua juisi ama unasoma gazeti?"

Gazeti! Hata soja wa mlangoni, ambaye hajacheka tangu uhuru, alicheka.

Stika ikatoka. Gramu 11 kwa mililita 100. Unaona si mbaya, kumbe chupa ni nusu lita! Gramu 55, karibu vijiko 14 vya chai, na Shirika la Afya Duniani linasema afadhali mtu mzima asipitishe kama 25 kwa siku. Chile tangu 2016 sukari ikizidi kiwango wanaweka alama nyeusi ya pembe nane mbele ya pakiti, huhitaji miwani. Sisi tunakwangua. Halafu naambiwa gazeti, mbele ya watu!

Omera_Kondele: Sasa ulinunua ama hukununua?

Mwenye uzi: Nimetusiwa gazeti, wewe unauliza kununua?

NyanyaMbivu: Ulifika ukurasa wa michezo?

PreshaJuu: Afadhali wewe wa sukari. Sisi wa chumvi wanatuandikia sodiamu gramu 1, unafurahi, kumbe hiyo ni chumvi gramu 2.5, nusu ya kipimo cha siku nzima. Na krispi za stendi hazina lebo hata ya kufunikwa na stika.

BabaMapacha: Huku Nakuru shida ni mandazi. Unauma, unakutana na hewa. Hiyo nayo waandike ni gramu ngapi.

Omera_Kondele: Mandazi ya Nakuru yalianza lini kuitwa chakula?

BabaMapacha: Wewe mla mifupa ya mbuta nyamaza.

NyanyaMbivu: Kwa hiyo mbuta, nani ana namba ya yule mama wa Dunga?

PreshaJuu: Siku hizi yuko Kibuye. Lakini anapima kwa macho.

Omera_Kondele: Na chenji pia anarudisha kwa macho. Ana deni langu la tangu Krismasi.